Maziwa, Siagi na Unga wa Mahindi katika Nchi ya Wakipsigis

Msafiri apitaye katika barabara itokayo Nakuru kwenda Kisumu, afikapo Kericho na kuona chai imetandaa kama zulia juu ya vilima, hudhani kwamba nchi hii imekuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Chai ni mgeni wa juzi tu. Kabla yake nchi hii yote, tangu misitu ya Mau hata nyanda za Sotik na Bomet, ilikuwa malisho ya ng'ombe, na watu wake walihesabu mali yao kwa mifugo. Mgeni huyu na wenziwe walibadili sura ya nchi, na tena walibadili kilichomo chunguni.

Siku hizi husemwa sana kwamba wanga ndio adui wa mwili, na kwamba yatupasa kurudia chakula cha mababu, yaani maziwa, siagi na nyama, na kuacha ugali. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na atakaye kulipima hana budi kujua kwanza mababu hao walikula nini hasa.

Chakula kikuu cha Wakipsigis wa zamani kilikuwa maziwa pamoja na wimbi. Maziwa yalinywewa mabichi au yakagandishwa kuwa mursik. Namna ya kuyatengeneza yastahili kuelezwa kwa urefu, maana ni elimu kamili. Kibuyu kilioshwa, kikaanikwa hata kikauka. Kisha kijiti cha mti kilichowashwa motoni kilisuguliwa ndani yake, mpaka makaa yakashika ukuta wote wa kibuyu. Mti uliopendwa sana kwa kazi hiyo huitwa senetwet, wenye maua ya manjano, nao ni ndugu wa sanamaki ijulikanayo na waganga wa pwani kwa kulegeza tumbo. Makaa yalitoa harufu nzuri na rangi ya kijivujivu, na ule moto uliua vijidudu viharibuvyo maziwa. Halafu maziwa yalimiminwa, kibuyu kikafunikwa, kikakaa siku kadha.

Ndani ya kibuyu hicho bakteria hula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Hapo pana faida mbili. Asidi huyalinda maziwa yasioze, na tumbo hupumzishwa kazi ya kuivunja ile sukari, kazi ambayo watu wazima wengi duniani hawaiwezi, wakapata gesi na kuhara. Katika mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko katika damu ya ukoo wao liwawezeshalo kunywa maziwa mabichi hata ukubwani, nalo lilitokea mbali na lile la Wazungu. Basi maziwa yameijenga hata miili yenyewe ya watu wa nchi hizi.

Mafuta yalitoka katika maziwa hayo hayo. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu hutoa maziwa machache, lakini mazito, na siagi yake ilisukwa kibuyuni. Tena walikuwapo kondoo wenye mikia ya mafuta. Gramu moja ya mafuta humpa mtu nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, na kwa mchungaji wa nyanda za baridi hilo si jambo dogo. Hata hivyo asidhani mtu kwamba walikula mafuta matupu. Wimbi lilikuwapo siku zote, nalo ni wanga, ila ni wanga uliosagwa pamoja na ganda lake, wenye chokaa ya mifupa zaidi ya mara 10 kuliko mahindi. Mboga chungu zilikuwapo pia, mnavu na mgagani, zilizopikwa kwa maziwa ili uchungu upungue. Maziwa, ganda la nafaka na majani vilisaidiana tumboni.

Msaidiano huo ulipokosekana, athari ilionekana. John Boyd Orr na John Gilks, waliopima miili ya Wamaasai na Wakikuyu, walichapisha taarifa yao mwaka 1931. Waliona kwamba wanaume wa Kimaasai, wanywaji wa maziwa, damu na nyama, walikuwa warefu zaidi kwa inchi 5 hivi na wazito zaidi kwa ratili 23. Wapendao mafuta husimulia habari hiyo mpaka hapo, kisha hunyamaza. Lakini taarifa hiyo hiyo yasema kwamba maradhi ya kufunga choo na ya viungo yalikuwa mengi kwa Wamaasai kuliko kwa Wakikuyu. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliipitia upya taarifa hiyo, akaonyesha jinsi chakula cha wanawake kilivyopuuzwa ndani yake. Wazee wawili waliosoma takwimu za wanaume wakaita kabila zima!

Sasa tuulize: chakula cha Wakipsigis kilibadilikaje? Kwanza sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi katika miaka ya 1890. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliingia Sotik, likateka ng'ombe wengi. Baadaye ardhi nyingi ikagawiwa walowezi. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai Kericho, nazo zikahitaji maelfu ya vibarua. Kibarua wa Kenya wa siku hizo alipewa posho, kwa kawaida ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Mahindi yalichaguliwa kwa sababu ni rahisi, husagika upesi na hubebeka kwa gunia. Siha ya mlaji haikuwa hoja.

Wengi wa vibarua wa kwanza walitoka kwa Wajaluo, Wagusii na Waluhya. Wakipsigis wenyewe waliona soko: wakalima mahindi kwa plau za ng'ombe, wakajenga vinu vya maji kando ya mito, wakauza unga. Nao waliozoea kuuza wakazoea kula. Wimbi lapaliwa kwa mkono na kulindwa na ndege mchana kutwa, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto. Watoto walipoanza kwenda shule, nani angekaa shambani kufukuza ndege? Sisi walimu tuna sehemu yetu katika habari hii.

Baada ya uhuru, Halmashauri ya Ustawi wa Chai iliyoundwa mwaka 1964 iliwawezesha wakulima wadogo kupanda chai yao wenyewe. Fedha ziliingia nyumbani kila mwezi, na karo ikalipika. Lakini ekari iliyopandwa chai haichungwi tena. Ng'ombe wa kigeni akachukua mahali pa kundi, na maziwa yake yakaenda kiwandani. Siagi ilipopungua, mafuta meupe ya kopo yalishika mahali pake. Mengi ya mafuta hayo yaligandishwa kwa namna ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni liliomba mwaka 2018 ikomeshwe duniani kote, kwa kuwa hudhuru moyo.

Lakini kibuyu nacho kina mashaka yake. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wameona saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, hata kwa vijana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta katika mursik kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo yahusishwa na saratani hiyo. Wengine huitaja chai ya moto sana, wengine moshi na makaa. Wataalamu hawajakubaliana.

Mursik yenyewe haikufa. Wanariadha warudipo na medali hupokewa kwa kibuyu katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Huuzwa pia madukani, katika chupa za plastiki, na wanunuzi wengi ni watu ambao bibi zao hawakuinunua kamwe.