Mamba wa Kale wa Olduvai

Spishi ya mamba iitwayo Crocodylus anthropophagus ilitangazwa mwaka 2010, ingawa mabaki ya mamba yalikuwa yakiokotwa katika Korongo la Olduvai kwa miongo mingi kabla ya hapo. Hans Reck alichimba katika korongo hilo, lililo magharibi mwa Arusha katika eneo la Ngorongoro, mwaka 1913. Louis Leakey alifuata mwaka 1931, na baadaye mkewe Mary. Akina Leakey walikuwa wakimtafuta binadamu wa kale, na fuvu la mwaka 1959 la jamaa wa kale wa binadamu, aliyeitwa Zinjanthropus, ndilo lililoipa Olduvai jina duniani. Mifupa ya mamba ilisubiri. Ilidhaniwa kuwa ya mamba wa Nile, yule anayeonekana hadi leo Mto Rufiji, au ya jamaa yake mkubwa aliyekwisha kutoweka.

Mamba hao walirudi kuzungumziwa kwa sababu ya alama za meno. Mtafiti Mtanzania, Jackson Njau, aliwapa mamba wa kufugwa mizoga, kisha akaikagua mifupa iliyosalia. Mamba hatafuni, hubana, hutikisa, hunyofoa na kumeza. Huacha vishimo vingi bila dalili za kuguguna anazoacha fisi, na baadhi ya vishimo hupitiwa na mstari katikati, kwa kuwa jino la mamba lina makali pande mbili. Njau na Robert Blumenschine walichapisha matokeo hayo mwaka 2006. Alama kama hizo zimo kwenye mifupa ya watu wa kale iliyochimbuliwa mwaka 1960: mguu unaoitwa OH 8 na muundi unaoitwa OH 35. Kama watu hao waliuawa na mamba au waliliwa wakiwa maiti, mifupa haiwezi kusema.

Swali likawa: mamba gani? Njau na Blumenschine waliungana na Christopher Brochu na Llewellyn Densmore. Walikuwa na vipande vya mafuvu na sehemu nyingine za mwili, na kila ukingo wa mfupa ulilinganishwa na wa mamba wanaojulikana. Ukubwa peke yake si hoja, maana mamba hukua kwa miaka mingi. Mamba huyu alikuwa na pua nene kwenda juu, na nyuma ya macho kingo za fuvu ziliinuka mithili ya pembe. Pembe nazo hazitoshi: mamba aliyetoweka wa Madagaska alikuwa nazo. Kilichoamua ni mkusanyiko wa sifa, ambao haukulingana na mamba yeyote aliyekwisha kupewa jina.

Umri wake, takriban miaka milioni 1.84, unatokana na tabaka za majivu ya volkano. Urefu unakadiriwa kufikia mita 7.5, makadirio yanayofaa kupokelewa kwa tahadhari kwa kuwa mnyama mzima hajapatikana.

Kila spishi mpya huhitaji kielelezo rasmi kitakachorejewa na watafiti wengine. Cha mamba huyu kimeorodheshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia, ndani ya boma la Wajerumani mjini Arusha. Mwaka 2021 fuvu jingine kutoka Olduvai lilichapishwa, likawekwa katika spishi hiyo hiyo.