Maana ya "Mkato wa Kukingama" na Matumizi Yake

Katika vitabu vya elimu vya Kiingereza limo neno ambalo mwalimu hawezi kulikwepa, nalo ni cross section. Hulikuta katika hesabu, katika elimu ya mimea, katika ramani za ardhi, na hata katika habari za watu. Afasiriye neno kwa neno huandika "sehemu ya msalaba," na mwanafunzi hubaki akiutafuta msalaba usiokuwapo. Hapa neno la kwanza lina maana ya kukingama, kama gogo likingamavyo njiani. La pili latoka katika Kilatini secare, yaani kukata. Basi tusemapo "mkato wa kukingama" twaitoa maana yenyewe.

Wala jambo hili si geni katika Kiswahili. Gogo hukatwa, bali mbao hupasuliwa. Akataye gogo hupitisha msumeno kuvuka nyuzi za mti, naye huona maduara, moja ndani ya jingine. Apasuaye mbao huzifuata nyuzi hizo kwa urefu wake, naye huona mistari mirefu. Mti ni ule ule, lakini nyuso zake ni mbili.

Wa kale waliolichungua jambo hili ni Wayunani. Yapata mwaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo, Apollonius wa Perga aliandika vitabu vinane juu ya mikato ya umbo la pia. Ukilikata umbo hilo sawasawa na kitako chake, utapata duara; ukikiinamisha kisu kidogo, duara hurefuka; ukizidi kukiinamisha hata kiwe sambamba na ubavu wa pia, utapata mstari uliopindika usiojifunga tena. Vitabu vinne vya kwanza vimehifadhiwa kwa Kiyunani. Cha tano, cha sita na cha saba vimetufikia kwa Kiarabu tu, kwa kazi ya wafasiri wa Baghdad katika karne ya 9. Cha nane kimepotea. Elimu hiyo haikuwa mchezo, kwani mwaka 1609 Johannes Kepler alionyesha ya kuwa Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duara lililorefuka.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu chake Micrographia. Alitwaa gamba la mti lifanywalo vizibo vya chupa, akakata utandu mwembamba kwa kisu kikali, akautazama kwa hadubini. Akaona vijumba vingi vilivyopangana, akavipa jina la vyumba vidogo. Na katika jina hilo limetoka neno letu seli. Yafaa kuangalia ya kuwa katika picha yake aliweka mikato miwili kando kando, mmoja wa kukingama na mmoja wa urefu, wala haifanani. Naye William Smith, aliyejifunza matabaka ya ardhi mahali mifereji ilipochimbwa, alitoa mwaka 1815 ramani ya miamba ya Uingereza, akaongeza chini yake mchoro wa nchi kama iliyokatwa kwa kisu, toka Wales hata London.

Katika karne ya 20 wataalamu wa fizikia walilichukua neno hili mahali pasipo kisu. Kwao ni ukubwa wa shabaha ambayo kiini cha atomu huwa nayo mbele ya chembe irushwayo. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kipimo chake kilipewa kwa mzaha jina la ghala la shambani. Nacho ni sehemu moja ya milioni ya milioni ya milioni ya milioni ya sentimeta moja ya mraba.

Matumizi ya mwisho ni juu ya watu: kuchagua wachache ili kuwajua wengi. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi kwa watu yapata milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza ya kuwa Alfred Landon atakuwa Rais. Franklin Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na waliojibu hawakuwa sawa na walionyamaza. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao lakini wa kila hali, alimtaja mshindi.

Nasi tuandikao desturi na lugha za watu tumeshika kisu kile kile. Tukimwuliza mzee mmoja wa kijiji kimoja, kisha tukaandika "kabila hili hufanya hivi," tumekata mara moja na kudai kuujua mti mzima. Yatupasa kumwuliza na mwanamke, na kijana, na mtu wa ng'ambo ya mto. Huo ndio mkato wa kukingama. Tena yatupasa kuuliza jambo lilivyokuwa zamani na lilivyogeuka. Huo ndio mpasuo wa urefu. Na kila tuandikapo, tutaje ni nani aliyetuambia, na wapi, na mwaka gani, ili atakayekuja baada yetu ajue kisu chetu kilipita wapi.