Samaki Aliyekataa Kioo

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Likizo ya kidato cha tatu, mimi na binamu yangu tulimpa fundi vioo wa Temeke kazi ya kututengenezea tangi: urefu sentimita 120, upana 45, kina 45. Piga hesabu, utapata lita 243. Pesa ilitoka kwenye akiba ya viatu vya shule, basi we acha tu. Wale samaki wadogo wa mapambo wanaouzwa mjini hatukuwataka. Tulitaka mnyama. Tulitaka yule samaki wa Rufiji mwenye meno yanayoonekana hata akifumba mdomo, ambaye Waingereza humlinganisha na chui milia, na ambaye watalii hulipa madola kwenda kumvua kule Kilombero na Mnyera, mito inayoishia Rufiji hiyohiyo.

Tukapanda basi mpaka Kibiti kwa babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ndoo yote hiyo ya nini?"

Tukamweleza. Babu alivua mtoni enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Akacheka kwanza, halafu akasema taratibu, "Yule hakai, mjukuu wangu. Yule hata akiwa ndani ya mtumbwi humwamini."

Hatukusikia. Kesho yake tulishuka mtoni, mvuvi mmoja akatupatia kinda, urefu wa kiganja na vidole vyake. Tulimtia kwenye ndoo, maji safi, tukafunika kwa kanga. Konda akasema ndoo nayo ni abiria, ilipiwe. Tukalipa. Ikwiriri alikuwa anagonga mfuniko wetu wa kanga. Kabla ya Kibiti alikuwa amelala ubavu. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na samaki huyu amezoea maji yanayokwenda, yenye hewa tele. Tulimuua kwa kumpenda kijinga.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kufaulu. Nikakuta historia yenyewe imenigeuzia mgongo.

Tangi la kioo ni jambo la juzi. Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845, vioo vikawa rahisi. Mwaka 1850 Robert Warington, mwanakemia wa London, alieleza jinsi samaki na majani ya majini wanavyoweza kuishi pamoja ndani ya chombo bila maji kuoza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, watu wakajaa, na muda si mrefu kila sebule yenye uwezo ikataka la kwake. Tangu hapo swali likawa moja: samaki gani anabebeka? Ndani ya meli ya wiki kadhaa, mkali na mkubwa hafiki.

Ndiyo maana mkubwa wetu aliingia kwenye kioo cha aina nyingine, chupa ya makumbusho. Kwa miaka mingi wataalamu walimchanganya na ndugu zake wa Zambezi na kwingineko. Mwaka 1986 Bernice Brewster, akilinganisha samaki waliohifadhiwa, aliandika katika jarida la makumbusho ya London kwamba huyu wa Rufiji na Ruvu ni aina ya peke yake. Akamwita Hydrocynus tanzaniae. Neno la kwanza ni Kigiriki, maana yake mbwa wa maji. La pili hulihitaji tafsiri. Yaani nchi nzima imebebwa na samaki huyu, na wengi wetu hatuna habari!

Wapo wanaofuga ndugu yake wa Kongo, goliath, anayeweza kufika kilo 50. Anauzwa akiwa mtoto, mzuri, rangi ya fedha. Halafu anakula wenzake. Halafu anashtuka usiku na kujipigiza kwenye kioo. Samaki wa sentimita 60 ndani ya tangi kama letu ana urefu wa miili miwili tu mbele yake. Sisi tungeita hiyo selo.

Sasa njoo kwa yule tuliyempita.

Nyuma ya nyumba ya babu kuna madimbwi ya msimu. Mvua ikinyesha yanajaa, kiangazi yanapasuka kama kisigino. Ndani yake huishi visamaki vya sentimita tano hivi, madume yana rangi kama kanga mpya. Babu huviita vidagaa vya mvua, akiamini vinashuka na mvua yenyewe. Si mjinga, dimbwi lilikuwa vumbi, sasa lina samaki, wewe ungesemaje? Ukweli ni kwamba mama hutaga mayai topeni na kufa dimbwi likikauka, yai likabaki limelala ardhini mpaka maji yarudi. Ni kama kilimo cha mlau, ambapo Mrufiji hungoja mto ujaze bonde na kurudi nyuma ndipo apande kwenye unyevu ulioachwa. Wote wawili wanaishi kwa ratiba ya mafuriko.

Na yai lililolala linabebeka. Linatiwa kwenye mboji yenye unyevu, mfuko wa plastiki, bahasha, stempu. Ndugu yao wa Unguja aliandikwa na Pfeffer mwaka 1893. Wa Rufiji ya chini alipewa jina na Mjerumani Lothar Seegers mwaka 1982, Nothobranchius eggersi, kumuenzi Eggers, Mjerumani mwenzake. Mwaka 1986, mwaka uleule wa mbwa wa maji, Seegers akaandika mwingine wa Mto Mbezi, kusini mwa Dar, njia yetu ya Kibiti: rubripinnis, mwenye mapezi mekundu. Wafugaji hawachanganyi samaki wa dimbwi hili na lile, kwa hiyo kila mfuko huandikwa mahali yalipotoka mayai. Kuna sebule Ujerumani ambako neno "Ruhoi" limeandikwa juu ya tangi, na mwenye nyumba hajawahi kuvuka mto huo.

Wakati huohuo ratiba inabadilika. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kujengwa mwaka 2019 na kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sibishi. Naandika haya chini ya taa. Lakini mto sasa una mtu anayeufungulia. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti hata hivyo, na babu akawa anauliza swali moja tu, kwamba mwakani yatakuja lini.

Tangi letu lipo bado Temeke. Shangazi anafugia vifaranga, kioo kinawakinga na upepo. Machi babu alipiga simu, akauliza habari za shule, akauliza habari za shangazi, ndipo akasema, "Dimbwi limejaa, vidagaa vimetoka. Safari hii njoo na chupa tu, ndoo iache hukohuko."