Nani alimuua Fumo Liyongo?

Ukitoka Garsen kuelekea Lamu, ukifika Witu ukakata kulia, barabara inakushusha hadi Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Jirani na hapo ni Ozi. Wenyeji wa pande hizi, Wapokomo kwa Waswahili, wanasimulia kwamba Fumo Liyongo amezikwa kwao, na utendi unaomsimulia unaafikiana nao. Usultani wa Pate ulikuwa na kiti cha enzi, siwa na wazee wa baraza. Lakini kaburi la mtu ambaye Pate ilimtaka afe liko huku mtoni.

Shuleni tunafundishwa kisa chake kama mfano wa mighani: shujaa mwenye nguvu za ajabu, hodari wa upinde na wa mashairi, aliyesalitiwa na mwanawe. Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari nani alimuua Liyongo, atakujibu bila kusita kwamba ni mtoto wake wa kumzaa. Hakukosea. Lakini kwa jibu hilo mtu mmoja ameponyoka, na huyo ndiye aliyeanzisha mambo yote.

Kisa hiki kilikuwa midomoni mwa watu karne nyingi kabla ya kuandikwa. Wataalamu bado wanavutana kuhusu zama alizoishi Liyongo. Wapo wanaomweka karne ya 13 na wapo wanaomleta karibu zaidi na sisi. Askofu Edward Steere alichapisha hadithi yake kwa nathari mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na fundi wa kuchonga milango, akaitungia utendi, na huo ndio tunaousoma hadi leo.

Sasa utafute ndani ya utendi huo kosa la Liyongo. Hulioni. Tunamkuta anakaa Shaka, kwenye bara hili la mlangoni mwa Tana, akisifiwa na kila mtu. Wagalla, watu ambao kizazi chao leo tunakiita Waorma, wanakwenda Pate na huko sultani anawasimulia habari za jitu hilo. Wanaomba wamwone. Liyongo anaitwa, anapiga panda njiani mpaka zinapasuka, na anapofika anafungua mkoba wake: mnatoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga ya kupikia. Wageni wanaingiwa na hofu na tamaa kwa pamoja, wanaomba awaachie mbegu. Anaozwa mwanamke wa Kigalla, na mtoto wa kiume anazaliwa.

Ni baada ya sifa hizo ndipo sultani anapoanza kukosa usingizi. Mtu huyu atanipokonya ufalme, anajiambia. Hakuna barua iliyokamatwa, hakuna jeshi lililokusanywa, hakuna shahidi aliyesimama barazani. Masimulizi mengine yanaeleza kwamba wawili hawa walikuwa ndugu waliogombea urithi, jambo linaloipa shaka ya sultani mzizi fulani, ila bado halitoi tendo. Hofu yenyewe ndiyo iliyokuwa ushahidi, na hukumu ikapita.

Wasomaji wa Kiswahili wameukuta mkasa wa aina hii mahali pengine pia. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Humo Bruto anamuua rafiki yake kwa kile ambacho huenda angekuwa akivikwa taji. Tofauti ni kwamba Bruto alilishika jambia kwa mkono wake, kisha akasimama mbele ya umma kujieleza. Sultani wa Pate hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Kwanza aliwatuma wawindaji wa msituni, Wasanye na Wadahalo. Wakajifanya marafiki wa Liyongo, wakakubaliana kula makoma kwa kikoa, leo apande huyu, kesho yule. Mkoma ni mti mrefu, na aliye juu hana pa kukimbilia wala mkono wa kushika silaha. Mpango ulikuwa zamu ya Liyongo ikifika wamtwange mishale wote kwa pamoja. Ilipofika, akachukua upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini, akawaambia wale. Mikoma hiyo bado imejaa katika delta ya Tana. Simama chini ya mmoja, utazame yalikoning'inia matunda yake, utaelewa kwa nini wale wawindaji walirudi Pate wakasema hawamwezi.

Ndipo Liyongo akafungwa gerezani huko Pate. Mama yake, Mbwasho, alikuwa akimletea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi walikuwa wakikila kile kizuri. Liyongo akapeleka ujumbe kwa wimbo: uokwe mkate wa wishwa, ndani yake itiwe tupa. Walinzi wakauona ule mkate wa makapi, wakamcheka Saada, wakampisha. Liyongo alipoulizwa anataka nini kabla ya kuuawa, akaomba apigiwe ngoma ya gungu. Mji ukaja kucheza, na katika kelele hizo akakata minyororo kwa tupa. Kwangu hapa ndipo mahali panapopendeza zaidi katika utendi wote: mwanamke mtumwa, mkate ambao hakuna aliyeutamani na wimbo mmoja vimelishinda gereza la mfalme.

Basi likabaki jambo moja, mtoto. Sultani akamwita kijana, akamwahidi cheo na binti yake awe mke. Kijana akamdadisi baba, akaambiwa siri: hafi kwa chochote ila sindano ya shaba, na achomwe kitovuni. Siku moja akamkuta amelala usingizi mzito, akamchoma.

Liyongo akaamka na maumivu, akashika upinde wake, akatoka hadi kisimani. Akapiga goti, akapachika mshale, akavuta. Akafia hapo hapo, katika hali hiyo.

Mji mzima ukamwona, na hakuna aliyethubutu kusogea. Wanawake wakarudi na mitungi mitupu. Siku zikapita, kiu ikazidi, na watu wakawa wanachungulia kwa mbali wakijadiliana amekasirika kiasi gani. Mama yake akaombwa aende kumbembeleza, akaenda akimwimbia, naye asijibu. Kila mtu alikuwa ameshatia ndani yake ile hofu iliyoanza kichwani mwa sultani peke yake. Maiti ikauzingira mji. Mpaka alipoanguka mwenyewe ndipo walipojua kwamba muda wote huo walikuwa wakimwogopa mfu.

Baada ya hapo lawama zikamwangukia kijana. Katika utendi, sultani yule yule aliyemtuma anamnyang'anya alichompa na kumfukuza, watu wanamzomea, Wagalla wa upande wa mama yake hawampokei, anaugua na kufa. Katika hadithi ya Steere anakamatwa na kuuawa. Simtetei; aliyemuua baba yake akiwa usingizini hana utetezi. Ila angalia aliyebaki kitini bila kuguswa. Angalia pia mikono iliyopewa kazi chafu: wawindaji wa msituni, kisha mtoto wa mwanamke wa Kigalla. Damu ikionekana kwenye mikono ya majirani, kasri linabaki safi.

Watu wa Tana wana sababu ya kukisoma kisa hiki polepole. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliendelea kwa miezi, na waliokufa wakapita 100. Ugomvi ulikuwa wa malisho, mashamba na maji, na kila upande uliutuhumu mwingine. Mtoto wa Riketa hakuwa amemkosea mtu. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka, nayo ikasikiliza mashahidi, jambo ambalo Liyongo hakuwahi kufanyiwa.

Hofu ya mtawala haikuishia hadithini. Mwaka 1973, Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili cha Dar es Salaam kilitoa upya utendi wa Kijumwa. Mhariri wake alikuwa Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana aliyekuwa ametoka gerezani mwaka mmoja tu uliotangulia. Alikuwa amefungwa miaka 3 kwa uchochezi, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika iitwayo Kenya: Twendapi? Huko kifungoni, katika upweke, alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo nayo yalichapishwa mwaka huo huo wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, kwa jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.