UZI: Waziri mkuu ana kazi gani palipo na mfalme?

1. Kila mjadala wa kurudisha cheo cha waziri mkuu ukianza, watu hugombania nani akipate. Mimi nauliza jengine: juu yake atakaa nani? Majina ya wanasiasa na vyama siyataji, kama kawaida yetu.

2. Kenya tushawahi kuwa na malkia. Kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964, mkuu wa dola alikuwa Elizabeth II, na Nairobi aliwakilishwa na Gavana Mkuu. Sheria zilipita kwa jina lake, lakini mwenye uamuzi alikuwa waziri mkuu, kwa vile ndiye aliyekuwa na wabunge wengi. Wabunge wakimkataa, anatoka. Malkia anabaki.

3. Sasa njooni kwetu Magongo. Pwani tulikuwa na mfalme mwengine. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliukodi tangu 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Oktoba 1963 ikakubaliwa uwe sehemu ya Kenya. Enzi ilikuwa ya Sultani, ila walioandikiana barua za ahadi ni mawaziri wakuu wawili, wa Kenya na wa Zanzibar: mahakama za kadhi zibaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, na hati za kumiliki ardhi zilizokuwepo zitambuliwe.

4. Hiyo ya mwisho ndo yanigusa. Nyanya yangu ana nyumba hapa Magongo, lakini ardhi si yake. Kila mwezi yualipa kodi ya kiwanja. Sisemi barua ile ndiyo iliyomnyima. Nasema ardhi ya Pwani iliwekewa ahadi, na wakaazi hawakupigishwa kura juu yake.

5. Kisha, 12 Januari 1964, mapinduzi ya Zanzibar yakamwondoa Sultani pamoja na waziri mkuu wake. Wa kwetu akawa rais Desemba hiyo. Vyeo vyote viwili vikaisha, mambo waliyoyaandika yakabaki. Kadhi yumo hadi leo, kifungu cha 170 cha katiba ya 2010.

6. Cheo kikarudi 2008 hadi 2013. Safari hii rais ndiye aliyekuwa mkuu wa dola na wa serikali pia, na waziri mkuu akapewa kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Jina ni lile lile, kazi nyengine kabisa.

7. Basi ukiulizwa unataka waziri mkuu ama hutaki, usijibu haraka. Uliza kwanza: nani atamweka, nani ataweza kumtoa, na akitia saini jambo la ardhi yetu, atamjibu nani? Nyanya bado yualipa.