Ganzi ya kisukari

Ganzi ya kisukari ni kupungua au kupotea kwa hisia kunakotokea kisukari kinapoharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguu. Hadi nusu ya walio nayo hawana wanacholalamikia, kwa hiyo hugunduliwa kwa kupimwa miguu, si kwa kungoja maumivu.

Chanzo na dalili

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mirefu huumia kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda miguu yote miwili kama soksi. Aghalabu hutangulia nyuzi nyembamba, zinazopeleka habari za joto na maumivu: miguu huwaka moto usiku au huchomachoma kama sindano. Nyuzi nene zikifuata, mtu hukanyaga sakafu akahisi pamba. Maumivu kukoma si lazima kuwe nafuu. Huenda mishipa imekufa.

Tabora na njia ya misafara

Mguu usiohisi huumizwa na vitu vya njiani bila mtu kujua, na historia ya Tabora inatoa mfano. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga njia hiyo wakibeba pembe na bidhaa. Njia za misafara zilisafirisha pia funza: aliletwa Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa ameshafika pwani ya mashariki. Kwa mwenye ganzi, funza, mwiba au kokoto kiatuni hukaa bila kuhisiwa hadi pawe donda. Mwaka 2005, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliripoti kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini.

Upimaji

Kifaa cha kawaida ni uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Mpimaji huugusisha kwanza mkononi ili mgonjwa aujue, kisha humwambia afumbe macho. Uzi husimamishwa wima na kusukumwa hadi upinde, kwa sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya shina lake, na chini ya shina la kidole kidogo. Sugu na vidonda huepukwa. Kila mahali mgonjwa huulizwa mara tatu, na mojawapo uzi haugusi kabisa, ili anayebahatisha ajulikane. Uzi huohuo hupima ganzi ya ukoma.

Hata hivyo, asiyeuhisi uzi huu ameshapoteza hisia ya kujikinga. Ili kuwahi, hupimwa pia mchomo mwepesi, baridi, na mtetemo wa uma sauti unaotetema mara 128 kwa sekunde, ukiwekwa juu ya mfupa wa kidole gumba.

Zahanati isiyo na vifaa inaweza kutumia jaribio lililobuniwa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Ncha ya kidole cha shahada hugusa kwa wepesi kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano vya kila mguu. Asiyehisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita yumo hatarini.

Mwenye kisukari cha aina ya 2 hupimwa siku anapogunduliwa, wa aina ya 1 baada ya miaka 5, kisha wote kila mwaka. Upungufu wa vitamini B12 kwa watumiaji wa metformini, dawa ya isoniazidi ya kifua kikuu, VVU, pombe na ukoma navyo huleta ganzi, hivyo huchunguzwa.

Baada ya kugunduliwa

Mishipa iliyokufa hairudi. Kudhibiti sukari huchelewesha madhara kuenea. Mgonjwa hukagua nyayo kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani, hukung'uta viatu kabla ya kuvaa, haoti moto miguu, na hujaribu maji ya kuoga kwa kiwiko. Donda, hata lisilouma, hupelekwa kituoni siku hiyohiyo. Mkoani Tabora, hospitali za rufaa ni Kitete, mjini Tabora, na Nkinga, wilayani Igunga.