Carl Akeley na Gorila wa Kivu: Historia ya Majina Yaliyoandikwa na Yaliyoachwa

Utangulizi

Makala haya yanachunguza maisha ya Carl Ethan Akeley (1864–1926), Mmarekani aliyekuwa mwindaji, mtaalamu wa viumbe, mchongaji na mpiga picha, ambaye alizikwa katika ardhi ya Kivu ya Kaskazini. Sisi tulioko Mubi, wilayani Walikale, tunayo sababu ya pekee ya kumsoma. Gorila wa misitu yetu anaitwa na wanasayansi kwa jina la Rudolf Grauer, mkusanyaji wa wanyama kutoka Austria. Gorila wa milima ya Virunga, iliyo mashariki yetu, amepewa jina la Robert von Beringe, afisa wa Kijerumani aliyempiga risasi gorila wa huko mwaka 1902 juu ya mlima Sabinyo. Wanyama hao wote wawili, basi, wanabeba majina ya wageni waliowafuata kwa bunduki. Hoja yetu ni kwamba hata maisha ya Akeley yafaa yasomwe kama historia ya majina: nani aliandikwa, na nani aliachwa.

Bunduki na kamera

Akeley alizaliwa katika jimbo la New York tarehe 19 Mei 1864. Kazi aliyojifunza ujanani ni ya kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili waonekane kama walio hai. Mwaka 1896, akiwa mtumishi wa jumba la makumbusho la Chicago, alisafiri hadi nchi ya Wasomali, na huko alimwua chui kwa mikono mitupu. Mwaka 1910 tembo alimponda kwenye miteremko ya mlima Kenya. Mkewe, Delia, ndiye aliyeongoza msafara wa kumwokoa. Kwa kuwa kamera za sinema za wakati ule zilikuwa nzito na ngumu kugeuza kwa haraka, Akeley alibuni ya kwake, akapata hataza yake mwaka 1915. Kamera hiyo ilitumiwa na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, na pia na Robert Flaherty katika filamu yake kuhusu Waeskimo, iliyoonyeshwa mwaka 1922.

Mwaka 1921 Akeley alifika Kivu. Aliandamana na Mary Hastings Bradley, mwandishi wa riwaya kutoka Chicago, pamoja na mumewe, Herbert, na binti yao Alice, mwenye umri wa miaka sita. Msafara huo uliua gorila watano kwa ajili ya makumbusho ya New York, na Akeley akawapiga gorila wengine picha za sinema wakiwa hai porini, jambo ambalo halijapata kufanywa kabla yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 alikiri kwamba dhamiri ilimsuta alipoutazama uso wa gorila aliyekufa. Tangu hapo aliwatetea wanyama hao mbele ya wakuu wa Ubelgiji. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert alianzisha kwa amri hifadhi iliyopewa jina lake, ambayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1969 ilipewa jina la Virunga.

Akeley alirudi mwaka 1926 pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe, na mchoraji William R. Leigh, aliyejulikana kwa picha zake za wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani. Tarehe 17 Novemba aliugua akafa, akazikwa Kabara, kwenye bega la mlima Mikeno. Mary Jobe aliiendeleza kazi. Ukumbi wenye jina la Akeley ulifunguliwa New York mwaka 1936, na gorila wale watano wamo humo.

Majina

Hadi hapa, msomaji atambue kwamba kila Mzungu tuliyemtaja ana jina lake kamili. Je, wapagazi waliobeba kamera hadi Mikeno? Je, wafuata nyayo waliojua gorila alilala wapi usiku uliopita? Bila ujuzi wao isingekuwapo picha hata moja. Akeley mwenyewe alimheshimu kijana mmoja Mkikuyu, msaidizi wake wa miaka mingi, hata akamtolea sura nzima ya kitabu. Lakini sura hiyo inaitwa "Bill". Msomaji wa Marekani alipewa lakabu ya Kiingereza mahali pa jina alilopewa kijana na wazazi wake.

Tulinganishe na yule mtoto, Alice. Alipokuwa mtu mzima, tangu mwaka 1968, alichapisha hadithi za kubuni za kisayansi kwa jina la kiume, James Tiptree Jr. Yeye alijichagulia jina la kujificha, Bill alichaguliwa.

Tofauti hii si ndogo, kwa maana asiyeandikwa jina hahesabiwi kuwa na ujuzi, na asiyehesabiwa kuwa na ujuzi haulizwi neno. Hifadhi ilipopanuliwa baada ya 1925, wakulima na wafugaji waliondolewa katika ardhi zao, na ugomvi wa mipaka uliotokana na hayo haujakwisha.

Hitimisho

Hatumlaumu Akeley kwa kuwa mtu wa zama zake. Gorila wa milima, ambao mwaka 2018 idadi yao ilitangazwa kuwa zaidi ya 1,000, wana deni kwake. Deni letu ni jingine. Kinyarwanda kina neno "ingagi" kwa gorila. Kiswahili sanifu husitasita baina ya "sokwe" na neno la kukopa "gorila". Lakini wawindaji wa Walikale, wasemao Kinyanga na Kikumu, wameishi na mnyama huyu tangu zamani. Vita, na uchimbaji wa kasiterite uliovuta maelfu ya watu Bisie, vimewatawanya wazee wenye ujuzi huo. Tunawahimiza wanafunzi waende kwao na daftari, waandike majina ya wanyama, na kando ya kila neno waandike, kwa ukamilifu, jina la mzee aliyelitamka.